Uzi wa Bluu kwenye Suruali ya Nukta

Shule zinafunguliwa kesho, na mbele ya cherehani ya Mama Pindo watoto wamejaa kama utitiri. Mwenyewe hana haraka. Amemsimamisha msichana wa darasa la kwanza juu ya stuli, pini kazibana kwa midomo, anakunja sketi vidole vinne kwa ndani.

"Shusha mabega, mwanangu. Unapimwa sketi, hupigwi sindano."

Jina lake la kuzaliwa wateja wengi hawalijui. Wanamwita Mama Pindo kwa sababu kila sare anayoshona huibakizia kitambaa cha kutosha kwa ndani. Mtoto akirefuka, pindo linafumuliwa, nguo inashushwa. Kazi hiyo hatozi hata senti.

"Mtoto mimi namjua kwa nguo," anasema. "Mchanga namwekea kamba mgongoni, maana shingo haijakaza, huwezi kumvisha kwa kichwa. Akianza kutambaa, magotini natia kitambaa mara mbili. Wa chekechea namwekea mpira kiunoni. Ukimwekea vifungo, atajikojolea huku anahangaika navyo."

Na wakubwa? Anacheka hadi pini inadondoka. "Hao ndio balaa! Juzi alikuwa anapimwa huku ananyonya kidole, leo anamwambia mama yake asubiri nje."

Kwa miaka ishirini na zaidi ameshusha mapindo ya mtaa mzima. Lililomnyima usingizi ni moja tu, la kitindamimba wake.

Shuleni walimwita Nukta. Alipofika miaka kumi na minne wenzake walikuwa wamemwacha mbali, sauti zimekuwa nzito, na yeye bado anavaa suruali ya miaka miwili nyuma, pindo halijaguswa. Mama alishusha za watoto wa watu huku moyo unamuuma.

"Niliogopa, sikufichi. Nilijiuliza, nimemnyima nini mwanangu?"

Asubuhi moja Nukta akatoka chumbani, suruali imepanda juu ya vifundo vya miguu. "Mama, nimerefuka."

Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Akaketi afumue pindo, mkono ukasita. Kwa ndani kulikuwa na mikunjo miwili, na wa pili haukuwa wake: uzi wa bluu kwenye kitambaa cha kijivu, mishono imekwenda upogo. Nukta alikuwa ameikunja mwenyewe.

"Ulikuwa huli wala hulali, Mama," mtoto akajitetea. "Nilitaka upumzike kidogo."

"Nililia, kisha nikacheka," anakumbuka. "Mtu anamdanganya fundi kwa mshono, jamani!"

Kesho yake walikwenda hospitali, baba naye akiwepo. Daktari alimpima kijana, akamgeukia baba, dereva wa lori asiye na maneno mengi, akamuuliza yeye alibalehe lini. Baba akakuna kichwa. Hata yeye, alisema, alikuwa mfupi wa darasa zima mpaka alipokaribia miaka kumi na sita.

"Miaka yote hiyo tunalala kitanda kimoja, hajawahi kuniambia!" anafoka Mama Pindo, ingawa macho yanacheka.

Vipimo vilionyesha kijana ni mzima. Balehe haiji kwa wote siku moja, daktari akawaambia, wa kwenu amechelewa tu. Usiku huo Mama alilala fofofo.

Mwaka na nusu umepita. "Hodi," inaunguruma sauti mlangoni. Mimi niliyeketi mlangoni nikimsikiliza najisogeza nimpishe, nikidhani ni mteja, kumbe ni Nukta, amebeba jora la kitambaa begani na ameinama asigonge fremu ya mlango. Suruali yake imeshushwa mpaka hakuna tena cha kushusha, na bado vifundo viko nje.

"Yangu lini, Mama?"

"Nikimaliza hawa. Leo leo."

"Acha vidole vinne basi."

"Nane," anajibu mama. Anamtazama kuanzia viatuni hadi nyweleni, taratibu, kama anayepima, na uso mzima unamfunguka. Kisha anapekua kopo lake la nyuzi. Kitambaa ni cha kijivu, lakini pindo hilo, anasema, atalishona kwa uzi wa bluu.