Vitufe Vilivyohamia Kushoto

Nakumbuka siku ile mdogo wangu Swale alipoingiza mashine ya gemu nyumbani kwetu Kibuli, mwanangu, ikasukumwa na vijana mpaka ikang'oa kipande cha mlango. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, akashika kichwa. "Ya salaam! Hili kabati la nini tena?" Kweli lilikuwa kabati, refu kama mtu mzima, lenye kioo cha televisheni, kijiti cha kuongozea na vitufe. Mbao zimeoza upande mmoja, panya wamezaa ndani. Swale alilikuta stoo huko Bugolobi, karibu lipasuliwe kuni.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na hapo lazima nikueleze. Nilikuwa taniboi wa lori, kijana mwenye nguvu na maneno mengi, mpaka mlango wa nyuma wa lori ulipoushukia mkono wangu wa kulia. Hospitali waliniachia gumba na kidole cha mwisho. Unajua kwetu tunakula pamoja kwenye sinia moja, na mkono wa kulia ndio wa kula. Sikutaka mtu auone ukihangaika na chakula. Nikajitenga na sahani yangu, miezi ikapita, nikawa sisemi na mtu. Haboba aliogopa kwamba nitaishia hapo hapo kitandani, na alikuwa na haki ya kuogopa. Nilikuwa nimechoka kuishi.

Swale naye alikuwa na mpango wake. Utotoni tulikwenda kwenye ukumbi wa gemu ambako mimi nilikuwa mbabe. Sijisifu. Ah, acha nijisifu, nilikuwa mbabe kweli! Basi akawaza kwamba akiirudisha mashine kama ile, sawasawa na ilivyokuwa, na mimi nitarudi. Kila akitoka kazini alikaa nayo. Akabadilisha waya zilizotafunwa, akapiga msasa, akatafuta rangi ileile nyekundu mpaka kwa mafundi Wakongo wa Namuwongo. Kitufe kimoja kilimzungusha mji mzima, maana alikataa kisichofanana na wenzake. Majirani walimcheka, mtu mzima na mchezo wa watoto. Hakuwajali.

Ilipowaka, akanifunulia pazia. "Kaka, njoo. Mashine yako hii."

Jamani, ilikuwa nzuri! Muziki wake uleule, moyo ukanidunda. Nikashika kijiti kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikaupeleka kwenye vitufe. Nikabonyeza kimoja, kingine kikanipita, na mchezo ukaisha hata haujaanza. "Pole pole utazoea," Swale akasema haraka. Nikalipiga kabati teke, nikarudi kitandani, nikalia kwa hasira.

Haboba akaja kutoka jikoni akijifuta mikono. "Swale, kazi yako nzuri. Lakini hii umemtengenezea kaka yako wa zamani. Huyu wa leo ulimuuliza?"

Swale akainamisha kichwa. Nikafurahi kidogo, nikidhani nimepata mtetezi. Kumbe zamu yangu inakuja!

"Na wewe! Mkono umekatika, ulimi je? Kazi yote hii inafanyika mbele ya pua yako, umeshindwa kusema unachotaka? Toka humo, mwambie mdogo wako vitufe vikae wapi."

Tangu ajali hakuna aliyekuwa amenigombeza, wote walinisemesha kwa sauti ya hospitali. Wallahi, maneno yale yalinitia nguvu kuliko pole zote nilizopewa. Nikatoka. Nikamwambia Swale vitufe vihamie kushoto, kijiti kije kulia na kiwe kinene, nikibane kwa kiganja. Iliniuma kumwona akitoboa ubao alioupaka rangi mwenyewe. Hata hivyo tulibishana, tukatukanana kidogo, tukacheka. Chakula kilipoiva Haboba akaweka sinia palepale chini, na njaa ilikuwa inaniuma kwelikweli. Nikakaa nao. Tonge likanidondoka. "Kula vizuri, unamwaga," Swale akasema, hata bila kunitazama. Tangu hapo sikuuficha mkono huu tena.

Mashine ipo sebuleni kwangu mpaka leo. Vijana wanakuja, wanalalamika kwamba kila kitu kiko kinyume, nami nawachapa mmoja mmoja.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukitaka kumsaidia aliyeumia, usimrudishe alikokuwa. Muulize leo anataka nini, hata kama jibu lake litakuharibia kazi uliyokwisha kuimaliza. Na ukiwa wewe ndiye uliyeumia, sema. Usinyamaze ukingoja watu wabahatishe, halafu uwakasirikie wakikosea. Wanaokupenda hawaoni ndani ya kifua chako. Mungu akujalie watu wa kukuhangaikia, mwanangu, na siku utakayokataa kusema, akupe mtu mwenye ujasiri wa kukugombeza. Amina.