Majani ya Machimbo ya Kerege

Kule Kerege kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyofukiwa, yakapandwa majani. Kazi yangu ilikuwa kuyakata majani hayo ndani ya fremu ndogo za mraba, kuyakausha, kuyapima uzito, kisha kuyalinganisha na ya shamba jirani ambalo halikuwahi kuchimbwa. Hesabu ya kwanza ilisema hakuna tofauti ya maana. Mkuu wangu alifurahi, akaniambia niandike ripoti kwamba ardhi imepona.

Sikuweza. Sampuli zilikuwa chache, na uzito wake ulipishana mno: fremu moja ilijaa majani, nyingine ilikuwa vumbi tupu. Kutoiona tofauti si ushahidi kwamba haipo. Nikawa nakula nimesimama, nikisemeshwa sisikii.

Asubuhi moja nikarudi na fremu zangu. Mama mmoja aliyekuwa akichungia mbuzi hapo kabla hapajachimbwa akanifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ardhi imepona? Niwarudishe mbuzi?"

"Sijui bado, mama."

"Si mlishapima?"

"Tulipima kidogo."

Akaguna, akaondoka bila kuaga.

Nilikata majani hadi viganja vikatoka malengelenge. Safari hii hesabu ilionyesha wazi kwamba machimbo yanatoa majani machache kuliko shamba. Mkuu alinuna, lakini ripoti aliitia saini. Jibu nilimpelekea yule mama mwenyewe, kwamba asubiri masika nyingine.

"Haya, nimesikia," alisema, akaingia ndani.

Nikarudi barabarani roho haijatulia, nikijiuliza kama sampuli hizi nazo zilitosha.