Ringi Zenye Matundu

Ringi ambazo zingeiokoa mashine yetu, baba alizirudisha dukani kwa mkono wake mwenyewe, akilalamika kwamba zimetoboka.

Mashine ilikuwa ya kukoboa mpunga, pale Lipangalala, miaka ya tisini. Iliendeshwa na injini iliyotolewa kwenye gari la zamani kuliko mimi. Msimu ule wa mavuno injini ilianza kunywa oili. Asubuhi tunajaza, mchana kijiti cha kupimia kinatoka kikavu, na moshi wa bluu umetanda bandani mpaka kwenye mchele wa watu. Wakati huohuo mashine nyingine ilikuwa imefunguliwa karibu na stesheni.

Mama mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alikuja kusema mbele ya foleni nzima.

“Baba, nimepika wali wa msiba. Watu wananiuliza, kwani marehemu alikuwa dereva?”

Foleni ilicheka, kisha ikapungua. Fundi alikuwa shambani kwake Chita, hivyo baba alinunua ringi za pistoni na kuzifunga mwenyewe. Moshi ukazidi.

Fundi aliporudi alichomoa pistoni, akaigeuza mara kadhaa.

“Shikamoo tena, mzee. Ringi za chini ziko wapi? Zile zenye matundu?”

“Nilirudisha, nikapewa nzima. Niuziwe chuma kilichotoboka, ninyamaze?”

“Matundu ndiyo kazi yake, mzee.”

Akaeleza. Ringi za juu huzuia nguvu ya moto isitoroke. Ya chini hukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu yale. Pasipo matundu, oili hupanda juu ikaungua.

“Mwenye duka hakukwambia?” nilimuuliza baba.

“Alianza. Nikamwambia asinifundishe kutambua kitu kibovu.”

Nilichukua baiskeli nikaenda dukani. Ringi zilikuwa bado kwenye rafu, ndani ya karatasi yake, na juu yake mwandiko wa baba: MBOVU.

Fundi alizifunga. Moshi ulipungua, ingawa haukwisha. Alisema ringi mpya zinahitaji muda kuzoeana na silinda. Yule mama alikuwa anapita na gunia lake la mpunga kwenye baiskeli. Akasimama, akachota mchele wetu kiganjani, akaunusa.

“Mh,” alisema. “Nitaona.”

Akaendelea kusukuma baiskeli kuelekea stesheni.