Mkono wa Bibi Uliojivua Ngozi

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa ndoo ndogo, hapa hapa Gisenyi, nilijua kwa nini watu wanakufa. Watu wazima hawakujua, masikini. Mimi nilijua, maana bibi yangu, mzaa mama, alikuwa ameniambia. Zamani watu hawakufa. Mtu akizeeka alijificha nyuma ya nyumba, akajivua ngozi kama nyoka, akarudi kijana. Siku moja mjukuu mmoja kiherehere akachungulia. Ngozi ya bibi yake ikakwama njiani, nusu imetoka, nusu imebaki, na yule bibi akafa papo hapo. Tangu siku hiyo tunakufa sote.

Hadithi hiyo Bibi alikuja nayo kutoka Masisi, kule Kongo, familia iliporudi Rwanda, na alinisimulia kila Jumamosi akishika jiwe lake la kujisugulia. Lilikuwa jiwe la volkano, jepesi, lenye vitundu, limelika upande mmoja kwa visigino vya miaka mingi. Aliingia nalo kwenye bafu letu la matete lisilo na mlango, akageuka.

"Mado, usiniangalie nikijisugua. Unataka nikufe?"

Ningetaka vipi? Mama alishinda mpakani akichuuza nyanya. Aliyenisuka, aliyenipulizia uji, aliyenifuta kamasi kwa kitenge chake, ni Bibi. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa nisitazame, nikatii. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo nimeuelekeza bafuni, nikifukuza kuku na mtu yeyote aliyethubutu kukatiza. Nilikuwa mlinzi wa uhai wa Bibi na sikuwa na mchezo.

Kisha Bibi akateleza njiani kwenye mawe, akavunjika mkono, akafungwa plasta. Siku ya kuitoa Mama alikuwa kwenye nyanya zake, kwa hiyo nilimsindikiza hospitali mimi. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alipoanza kuikata nilifumba macho.

"We mutoto, unalala? Fungua macho, shika beseni."

"Mi siwezi. Bibi atakufa."

"Nani anakufaka juu ya mukono? Fungua!"

Nikafungua. Mungu wangu! Mkono wa Bibi ulikuwa unajivua. Ngozi ya kijivu ilibanduka vipande vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake kulikuwa na ngozi nyingine, laini, ya mtoto mchanga. Nusu imetoka, nusu imebaki! Beseni likaanguka, nikapiga yowe: "Anakufa! Nimemwangalia!" Chumba kizima kikacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono, na mimi nilivyomjua, naye aliogopa.

"Mukecuru, usiogope," muuguzi akamwambia, kwa jina la heshima la wanawake wazee. "Ngozi inakufaka kila siku, yako na yangu. Ya zamani inaanguka, inaenda na maji na sabuni, hatuionake. Hii ilifungiwa ndani ya plasta, ilikosa pa kwenda. Iko muzuri tu."

"Donc, basi nikifika nyumbani niisugue na jiwe langu."

"Jiwe hapana! Hii ya chini ingali changa. Maji ya vuguvugu, kitambaa, polepole, kisha mafuta. Yenye iko tayari itatoka yenyewe."

Nililia njia nzima, nimeng'ang'ania kitenge chake, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Nyumbani alipasha maji, akaketi juani kwenye ndoo yangu ya ulinzi, akanyoosha mkono.

"Mado, kuja."

Nikakataa.

"Kuja, nakuambia. Yule mutoto wa hadithi aliangalia, akakimbia. Ndiyo maana bibi yake alikufa, hakukuwa mutu wa kumusaidia. We hautakimbia."

Sehemu hiyo hakuwahi kuisimulia. Aliitunga pale pale, naapa. Nikachovya kitambaa, nikaanza kufuta. Ngozi ilitoka na kujiviringisha, nongo za kijivu zikaanguka majini, na kila ilipotoka niliinua macho nimwangalie usoni kama bado anapumua.

"Niko," alisema. "Endelea."

Nilipomaliza alijipaka siagi ya ng'ombe, akautazama mkono wake mpya, kisha akanigeuzia mgongo. "Bon. Sasa huku. Tangu babu yako afe, hakuna mukono ulifika huku."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya kuangaliwa, hadi akacheza kwenye harusi yangu. Sasa namwelewa. Nyumba ilijaa watu, bafu halikuwa na mlango, na mwanamke mzee alitaka kuoga bila kutazamwa. Angefanyaje? Alitundika hadithi pale ambapo mlango ulikosekana. Simlaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba hadithi ilifanya kazi mno. Miaka yote ile mgongo ulimwasha, na mjukuu aliyempenda kuliko chochote alikuwa ameketi pale pale nje, amegeukia upande wa pili.

Bafu langu leo lina mlango na kitasa, na jiwe lake liko pembeni ya sabuni. Jumamosi naacha mlango wazi, namwita binti yangu aje na kitambaa. Analalamika weee, halafu anakuja.

"Mama, ngozi inatoka!"

"Niko," namwambia. "Endelea."