Baiskeli Isiyobeba Kitu

Muuza baiskeli za mitumba pale Bombolulu alirudia kuniuliza swali moja mpaka nikachoka.

"Sasa mama, utabebea nini? Maji? Mkate?"

"Sibebi kitu. Nataka kuendesha tu."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, kisha akanitolea tena dubwana jeusi lenye karia ya chuma ya kubebea mizigo. Macho yangu yalikuwa kwenye baiskeli nyepesi ya kijani, tairi nyembamba, ambayo bei yake niliimudu. Akasema hiyo ni ya kuchezea. Nikamwambia ndiyo hiyohiyo ninayoitaka.

Utotoni baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya kaka zangu. Kazi yangu ilikuwa kuisukuma. Basi Jumamosi ile, nilipotoka na hiyo yangu ya kijani kuelekea Mwakirunge, upepo ukinipiga usoni, nilijikuta nikitabasamu peke yangu barabarani.

Raha yenyewe haikudumu. Jirani alinisimamisha. "Pole, mama. Gari mmeliuza?" Nikamwambia liko nyumbani, hakuamini. Mwenye bodaboda akapunguza mwendo, akaniambia nipande, hanitozi kitu, maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu. Malori ya mawe tu ndiyo hayakunihurumia. Yalinimwagia vumbi yakaenda zake.

Jumapili jioni akina mama wa kanisani wakabisha hodi, wamebeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Kiongozi wao akanishika mkono.

"Dada, tumesikia. Mumeo ameachishwa kazi tangu lini?"

Mume wangu alikuwa ameketi palepale, ametoka zamu bandarini, hajavua hata viatu.

"Hajaachishwa," nikasema. "Baiskeli ni ya kujifurahisha."

Wakatazamana. "Kiburi nacho ni mzigo," mmoja akanong'ona. "Tumwombee."

Wakaomba kirefu, nami nimefumba macho nikisaga meno. Nikawasihi waondoke na vitu vyao, wakakataa katakata.

Walipotoka, mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniomba kesho nionekane na baiskeli tena, maana mchele nao unakaribia kwisha. Siku hiyo chai alijipikia mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilitoka mapema, kabla watu hawajafungua madirisha. Nikaendesha mpaka miguu ikalegea, nikageuza, nikarudi.