Muuguzi wa Siku Moja

Jirani yangu hulima mwani hapa Kibuyuni, na kwa kufunga mwani kambani miaka yote, vidole vyake havijui kutulia. Hata msibani, ukimwamkia, huitikia marahaba huku akifunga na kufungua pindo la leso yake. Vidole hivyo ndivyo vilivyompeleka kwenye filamu. Walikuja vijana kutoka Nairobi kuigiza kisa cha enzi za mkoloni, cha muuguzi aliyewafungua kamba wagonjwa wa akili na kuwatunza kama watu. Mwigizaji wao alikuja na kucha ndefu, mafundo yakamshinda, wakamvika jirani yangu lile vazi jeupe la muuguzi. Alimfungua mgonjwa taratibu, akivipuliza vile vidonda vya rangi kana kwamba vinauma kweli. "Pole, baba. Yamekwisha." Mwelekezi, aliyekuwa akifoka tangu asubuhi, alitokwa na machozi. Nasi majirani tulilia kwa raha zetu.

"Mama, upole huu umejifunza wapi?" mwelekezi alimuuliza.

"Nyumbani," alijibu, akilivua vazi haraka haraka. "Niwieni radhi, wanangu. Mdogo wangu ana maradhi hayo hayo. Nimemfunga kivulini, na saa hizi jua limeshamfikia."