Jani la Isale Katika Glasi ya Gesti

Mimi ni mtu wa kuuliza. Kwetu Mombasa mamangu alikuwa akisema nitakufa mdomo wazi, nikimuuliza malaika anatoka ukoo gani. Basi nilipovuka mpaka kwenda kujitolea Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikifundisha wasichana kushona katika chuo kidogo cha ufundi, nilifika na maswali gunia zima. Kwa nini migomba imepandwa hadi mlangoni? Kwa nini wanalima kahawa halafu wanakunywa chai? Na yule ng'ombe, kwa nini hatoki bandani, majani anakatiwa na kuletewa mdomoni kama bibi harusi?

Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane, Mlutheri, na mimi nilimwita Mama tu. Alinijibu yote, akicheka. Swali moja tu ndilo hakulipenda. Sebuleni kulikuwa na picha ya vijana watatu waliovaa mashati yanayofanana, na nilishajua wa kwanza yuko Dar na wa mwisho yuko Arusha. Nikamuuliza wa katikati yuko wapi.

"Yuko Moshi," akasema, akachukua ndoo akaenda kukamua.

Moshi! Si Dar, si Mwanza. Moshi hii ambayo giza likiingia ukisimama uani unaziona taa zake kule chini. Na mimi nilikuwa na miezi pale, sijawahi kumwona huyo kijana akipanda hata kuja kusalimia. Nilivumilia mpaka kesho yake, nikamuuliza mwalimu mwenzangu chuoni, mzaliwa wa palepale. Akanieleza, na sikusikia raha tena.

Yule kijana alikuwa kiongozi wa watalii mlimani. Baba yao alifariki yeye akiwa juu na wageni, mahali ambapo simu haishiki. Ukoo ukasubiri kidogo, halafu waliotoka Dar wakaanza kulalamika kwamba ruhusa za kazini zinaisha. Wakamuuliza Mama. Mama akakubali, wakazika. Kijana akashuka na matope yake kwenye viatu, akakuta kila kitu kimekwisha, waombolezaji wameshatawanyika, masufuria ya kuazima yanarudishwa kwa wenyewe. Hakugombana na mtu. Aliondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Masama. Simu ya mamake alipokea, akauliza afya, akauliza ng'ombe, akaaga. Na kila Krismasi alihakikisha yuko mlimani na wageni.

Sasa, kama hujaiona Krismasi ya Wachagga, hutaelewa uzito wake. Desemba wanarudi nyumbani wote, ati wote, walioko mijini na walioko ng'ambo. Mji mzima unapakwa chokaa, mbuzi ananenepeshwa. Ukikosa, watu wanauliza una nini. Mama alikuwa na haja moja tu ulimwenguni, na kijiji kizima kiliijua: mwanawe wa katikati aje nyumbani.

Chuo kilipofungwa nikaomba siku mbili nikapumzike Moshi. Nilitamani maji ya moto yanayotoka bombani, biriani, lami, na kelele. Mama aliposikia akachukua panga akaingia migombani. Asubuhi nikamkuta ameandaa mzigo wa mwanawe: ndizi mshare za kupikia mtori, ile supu yao ya ndizi, ndani ya kiroba, mdomo umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwenye kamba alikuwa amechomeka jani refu la kijani lililopigwa fundo. Nililijua jani lile, ndilo ua wa mpaka wa shamba lake lote. Wao huliita isale.

"Mpe mkononi mwake," akasema. "Vyote."

"Nimwambie nini, Mama?"

"Usimwambie kitu."

Nikabeba, ulimi unaniwasha.

Moshi ilikuwa imefurika. Magari ya Dar yamejaa barabarani, juu yamefungwa magodoro na masufuria mapya, watoto vichwa nje dirishani wakitafuta mlima ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu. Jua lilichoma kweli kweli, mimi nilishazoea sweta. Nikapata chumba kwenye gesti moja karibu na soko, nikaoga mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Lile jani lilikuwa limechomoka njiani nikalitia kwenye mkoba. Nilipolitoa niliona lina rangi nzuri, nikaona huruma linyauke bure. Nikalitia kwenye glasi ya maji pale dirishani. Chumba kikachangamka. Kisha nikaenda kunywa kahawa, hiyohiyo ya Masama, niliyovuka wilaya ili kuionja.

Kijana nilimkuta aliponielekeza Mama, kwenye ua wa duka la kukodisha vifaa vya kupandia mlima, akianika mifuko ya kulalia kwenye kamba. Sura ni ya mamake kabisa. Nikajitambulisha, Mmombasa ninayekaa kwa mamake.

"Karibu, dada. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kaniagiza nikupe hizi."

Akafuta mikono kwenye suruali, akafungua kiroba. Akatazama ile kamba ya mgomba, akaigeuza, akatia mkono mpaka chini, akazipindua ndizi.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizo."

"Haya. Mwambie nimeshukuru."

Akarudi kwenye mifuko yake. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama atakuja Krismasi. Akasema ana wageni, wanaanza kupanda kesho kutwa. Nilikasirika, wallahi. Mtu yuko hapa, mama yake kila usiku anaziona taa za mji wake, anasema ana wageni! Nilikwenda kula biriani nimenuna, ingawa sahani niliimaliza.

Asubuhi mama wa gesti akaingia na chupa ya chai. Alikuwa Mchagga wa Rombo, mwenye maneno mengi kama mimi, tulikuwa tumeshapatana. Akaona glasi dirishani, akaitua chupa.

"Hili umelitoa wapi?"

Nikamsimulia yote, mpaka kiroba. Akaketi kitandani, mikono kichwani.

"Masikini wewe! Isale la fundo unalinywesha maji! Mwanangu, hili ni msamaha. Mtu akikuletea hili anakuomba msamaha, na hukatai. Hata kama damu imemwagika, hukatai."

"Kwa hiyo Mama anamwomba mwanawe msamaha?"

Hapo akalitazama tena lile jani. "Mtoto ndiye humpelekea mzazi," akasema polepole. "Mzazi kumpelekea mtoto, mimi sijaona. Huyo mama amejishusha mpaka chini kabisa."

Nikaona tena ule mkono ukipekua ndizi mpaka chini ya kiroba. Alikuwa akitafuta! Hata chai sikuimimina. Nililichukua jani linachuruzika maji, nikatoka na ndara za gesti miguuni, nikivuka barabara huku madereva wananitukana.

Nilimkuta uani na wapagazi, wenyewe hujiita wagumu, wanapima mizigo ya safari. Nikampa mkononi mbele yao. Wale wapagazi walipoona ni nini, wakaacha mizani wakasogea pembeni, kila mmoja akijifanya ana shughuli.

"Nani amekutuma na hili?"

"Mama. Lilikuwa la jana. Mimi nilidhani ni pambo, nikalitia kwenye glasi."

Akacheka, mara moja tu, kicheko kikakatika. "Wazee wa kanisa wametumwa hapa, nikiwaona kwenye kona ile natokea mlango wa nyuma. Leo ananitumia Mmombasa!" Akalishika lile jani kwa mikono miwili. "Amenibana. Hili halikataliwi." Kisha sauti ikapanda, ya hasira kabisa: "Na hakutakiwa kunipa! Mama haombi. Nilitaka aniite tu, aseme mwanangu tulikukosea, basi. Sikutaka apige magoti."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Sasa utakuja?"

"Dada, unauliza sana."

Nikarudi Masama bila jibu. Mama alikuwa anapembua mchele. Aliuliza kama nimempa vyote, nikasema nimempa, ila jani lilichelewa siku moja kwa ujinga wangu. Akauliza amesema nini. Nikamwambia amesema nauliza sana. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, nikaondoka nikampisha.

Wakafika wa Dar na wa Arusha, na wake zao, na watoto. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu wa sokoni, Mama alimwita makusudi ili na mimi nile. Nyumba ilijaa kelele. Lakini kila pikipiki iliyopita kule barabarani ilimnyanyua Mama shingo, na sisi wote tukajifanya hatuoni. Nilimwombea dua kwa namna yangu. Nilitaka kijana yule aje kuliko nilivyowahi kutaka jambo langu mwenyewe mwaka ule.

Krismasi asubuhi kengele ikalia, wote wakashuka kanisani. Mama akasema magoti yanamuuma. Magoti! Mwanamke anayepanda mteremko na mzigo wa majani kichwani. Nikabaki naye. Akaketi jikoni akimenya ndizi, akamenya, sufuria likajaa na bado anamenya.

Alikuja kwa miguu, begi la mlimani mgongoni. Akasimama mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hawakukumbatiana. Akatua begi, akapita nyuma ya nyumba kwenye migomba, alikozikwa babake. Mama akaacha kisu akamfuata. Na mimi nikafuata, ningefanyaje, nikasimama karibu na mibuni.

Kijana aliinama akachota udongo chini ya mgomba, konzi moja, kama tunavyochota sote tukimsindikiza mtu wetu. Akageukia kaburi. Ndugu zake walikuwa wamelijenga vizuri, vigae vyeupe toka juu mpaka chini, pande zote, na msalaba wa marumaru. Akazunguka upande huu, akazunguka upande wa pili, mkono umejaa. Hapakuwa na upenyo. Udongo ukaanza kumponyoka kati ya vidole.

"Mama," akasema, "niutie wapi?"

Mama akaja mbele yake, akakinga viganja vyote viwili.

"Nipe mimi."